Alama za Mlangoni kwa Verna

Gwen Ashby aliuiba mlango wa Verna Kallio bila kuung'oa kwenye bawaba. Aliuiba kwa simu, kwa picha sita, huku mkono wa pili umeshika kikombe cha kahawa aliyomiminiwa na Verna mwenyewe, na mwaka uliofuata akapewa kengele kama nyongeza. Kosa ndilo hilo. Watu wa Ardley wanalijua, ila wamelibatiza jina la heshima. Wanasema Gwen amefanya utafiti.

Mlango wenyewe ni wa banda la nyavu, chini ya nyumba ya Verna, pale gati linapoanzia. Baba yake, mzee Eino, alikuwa mvuvi, na katika maisha yake hakuandika kitu zaidi ya jina lake. Kila mwaka baridi ilipolegea na barafu ya ziwa kupasuka, alichukua kisu akakata mstari mpya upande wa ndani wa mlango, alama moja kwa kila siku tangu Aprili mosi mpaka siku maji yalipofunguka. Mwaka wenye alama thelathini na tatu ulikuwa mwaka wa kula viazi vitupu. Eino alipokufa, kisu kikawa cha Verna. Yeye naye aliacha shule ana miaka kumi na miwili ili amsaidie mama yake kupasua samaki, na mpaka leo husoma polepole, kidole kikitangulia. Lakini mlango ule anausoma kwa kucha, macho yamefumbwa.

Pamoja na kisu alirithi kengele. Kila Machi watu wa Ardley huburuta pipa jekundu hadi katikati ya ziwa, kisha kila mtu huandika kwenye kikaratasi siku na saa anayodhani litazama. Ni mchezo wa watu waliokwisha kuchoshwa na baridi, wamevua samaki kwenye matundu ya barafu mpaka wamewachukia, wamecheza karata mpaka wamegombana. Aliyekaribia zaidi hupewa kasia lililochongwa. Na pipa likizama, kengele ya kituo cha zamani cha zimamoto hupigwa, mji mzima hushuka ufukoni, chapati za maji hukaangwa na kumwagiwa shira ya utomvu wa mti, na wapumbavu wawili watatu hujitosa majini wakatoka wamekuwa rangi ya kamba wa kuchemshwa. Mpiga kengele haruhusiwi kubahatisha, maana yeye ndiye shahidi. Eino aliipiga miaka thelathini na mmoja. Verna akaipiga ishirini na miwili, na katika mji ambao hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini juu ya jambo lolote, siku hiyo moja walimsikia wote.

Gwen alikuja Ardley baada ya kustaafu. Alinunua nyumba ya kiangazi iliyoko kwenye rasi, ile ambayo Verna alikuwa akiisafisha kwa miaka tisa, akaitia madirisha ya kuzuia baridi na kuhamia moja kwa moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hakupona.

Usidhani Verna alimchukia tangu mwanzo. Angemchukia, ingekuwa nafuu. Kiangazi cha kwanza waliogelea pamoja kila asubuhi, kutoka gati la Verna mpaka jiwe kubwa na kurudi. Gwen aliyakata maji kama fisi maji, kimya, mikono mirefu. Verna aliogelea kama mtu aliyeanguka kutoka mtumbwini. Gwen alimsubiri kwenye jiwe akicheka, akimpa mkono, akimwita shoga. Verna hakuwahi kuitwa shoga na mtu mwenye vitabu ukuta mzima. Alirudi nyumbani nywele zinachuruzika, akajikuta anaimba akiosha vyombo.

Ndipo akaanza kuona jinsi wengine nao walivyokuwa wakiimba. Baridi ya kwanza tu Gwen alijifunza ule mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, na kufikia Februari alikuwa katika timu ya wanawake, nafasi ambayo Verna alikuwa ameisubiri tangu Hilda Voss avunjike nyonga. Akawafundisha kufuma soksi. Mkate wake wa mdalasini uliisha mezani wakati vikeki vya Verna vinakauka. Hata Lyle, mume wa Verna, mtu wa kusema maneno kumi kwa siku, alikwenda rasini kurekebisha gati la Gwen akarudi ameongezewa maneno.

"Ana mikono mizuri yule mama," akasema, akivua buti mlangoni.

"Ya kuogelea au ya kupika?"

"Yote. Wewe nawe."

"Basi kamwambie akufulie na soksi, hizo zako zinaua nzi."

Lyle akacheka, naye Verna akacheka, lakini jioni ile aliosha vyombo bila kuimba.

Na bado ni yeye aliyemfungulia banda. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba hakuibiwa amelala. Alitaka Gwen aone kuwa na yeye anacho kitu ukutani. Asubuhi moja ya Septemba, taulo mabegani, akaufungua mlango ndani nje ili jua liupige, akamsomea mwaka baada ya mwaka, huu ni ule mafuriko yalipochukua daraja, huu ndio niliozaliwa. Gwen alisogea karibu, kikombe cha kahawa mkononi. Kisha akatoa simu akapiga picha, akisema hajawahi kuona kitu kizuri kama kile. Pembeni mwa baadhi ya mistari kulikuwa na vitundu vidogo vya msumari. Gwen akavipapasa akasema, maskini, wadudu wameanza kuula. Verna alitaka kumwambia si wadudu. Birika likapiga mluzi jikoni, naye akaenda kuongeza kahawa.

Januari, jedwali la siku za barafu likatundikwa kwenye maktaba ya mji, limetiwa fremu, ziwa limechorwa kwa rangi ya maji, miaka yote imepangwa kwa tarakimu safi. Verna alikwenda kuliona peke yake. Alilisoma kwa kidole, juu mpaka chini. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena, maana kwa usomaji wake alidhani labda amelipita jina la baba yake. Akasoma mara ya tatu. Kulikuwa na jina moja tu, na lilikuwa la Gwendolyn Ashby, limeandikwa kwa herufi zenye mikia.

Wiki ile ile kamati ya sherehe ya pipa ikakaa. Royce Dunphy, mwenyekiti, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mwenye sauti ya kutangaza punguzo la bei hata msibani, alimpigia Verna simu kumweleza kwamba gazeti la mkoa litakuja mwaka huu kwa ajili ya jedwali, na kwamba ingependeza Gwen apige kengele, kwa picha tu. Kisha akasema kwamba Verna naye atapata nafasi ya kupumzika. Verna alimuuliza nani kamwambia amechoka. Royce akacheka kama aliyesikia utani.

Akaenda rasini kwa miguu, juu ya barafu, upepo unamkata uso. Gwen alimfungulia akiwa na sindano za kufumia mkononi, akafurahi kumwona, akataka kumvua koti. Verna hakuvua.

"Ule mlango ni wangu," akasema.

"Shoga, si nimeuacha pale pale?"

"Jina la baba yangu liko wapi?"

Gwen uso ukamshuka, na kwa haki lazima isemwe kwamba alionekana ameumia kweli. Akaeleza kuwa hakutaka kuwatangaza watu bila ruhusa yao, kuwa Verna hakuwahi kumwambia anataka jina, kuwa yeye alizipanga tu tarehe. "Zile ni siku za ziwa, Verna," akasema kwa upole. "Na ziwa ni letu sote." Akampa chupa ya jamu ya zambarau ya kwenda nayo. Verna akaichukua, kwa kuwa hakujua kuikataa, na akaibeba njia nzima juu ya barafu akijitukana.

Machi pipa likaburutwa. Lyle alileta kikaratasi cha kubahatisha akakiweka karibu na sahani ya mkewe. Mwaka huu si mpiga kengele, akamwambia, kwa hiyo anaruhusiwa, na nani Ardley angemshinda? Kasia lile lingependeza juu ya jiko. Verna alikitazama kikaratasi siku tatu. Akikijaza, amekubali kwa mkono wake kuwa kengele si yake tena. Akakitumia kuwashia kuni.

Gwen, kwa upande wake, alikuwa ameulizwa na kila mtu, na akamjibu kila mtu. Alikuwa amejumlisha miaka yote akaigawanya. Barafu haitaondoka kabla ya tarehe ishirini na tatu Aprili, alisema, na watu wakajaza vikaratasi ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano. Basi tarehe kumi na sita asubuhi akapanda gari kwenda mji mkuu wa mkoa, mwendo wa saa mbili na nusu, kutengeneza nywele kwa ajili ya picha ya gazeti.

Asubuhi hiyo hiyo Verna alisimama gatini na ndoo yake. Upepo wa kusini ulikuwa umevuma siku mbili mfululizo, mvua ya uvuguvugu juu yake. Barafu ilikuwa imegeuka nyeusi, imesimama vijiti vijiti kama mishumaa iliyofungwa pamoja, na ilitoa mlio mwembamba wa glasi ndani ya sanduku. Hii ndiyo kazi ya vile vitundu. Eino alipigilia msumari na kuung'oa kwenye kila mwaka ambao mvua ya kusini ilikuja kabla ya barafu kwisha, na katika miaka ya kitundu barafu huondoka wiki nzima kabla mtu hajaitarajia. Gwen aliichanganya miaka ile na mingine, akagawa sawa kwa sawa.

Gari la Gwen lilipita barabarani juu. Likapiga honi ya salamu. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, na saa ndiyo kwanza ilikuwa mbili na nusu asubuhi, Gwen angegeuza. Verna aliinua mkono akapunga.

Saa sita kasorobo pipa likainama. Verna aliliona kutoka kituo cha zamani cha zimamoto, ambako alikuwa ameketi ngazini tangu saa nne, akijidanganya kwamba anapumzika. Likaegemea upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta, likakaa hivyo, kisha barafu chini yake ikasambaratika bila kelele na wekundu ukapotea. Hakukuwa na mtu mwingine anayetazama. Kwa nini watazame, na leo ni tarehe kumi na sita?

Kamba ya kengele ilikuwa mpya. Mahali pa kushikia Gwen alikuwa amefuma mfuko wa sufu nyekundu, mzuri, wenye chembe za theluji. Verna aliutazama ule mfuko. Angeweza kwenda zake nyumbani. Barafu ingeondoka bila kengele, mara ya kwanza katika miaka hamsini na mitatu, na Gwen Ashby angebeba aibu hiyo kama alivyobeba sifa. Aliitaka aibu hiyo mpaka mate yakamjaa mdomoni. Lakini maji yalikuwa yamefunguka mbele ya macho yake, na shahidi ni shahidi. Akaushusha mfuko wa sufu mpaka sakafuni, akaikamata kamba yenyewe, akapiga.

Wakaja. Walitoka dukani, shuleni, kwa kinyozi wakiwa na sabuni mashavuni. Walikumbatiana, walicheka, walilalamikia vikaratasi vyao. Royce Dunphy alikuja akihema, akamshika Verna bega.

"Dada Verna, asante sana kwa kumshikia Gwen nafasi," akasema kwa sauti ile ya punguzo la bei.

Watu wakapiga makofi. Kwa kushika nafasi.

Gwen alirudi saa tisa, nywele zimepangwa vizuri. Mwandishi wa gazeti naye akafika. Wakamwomba aipige kengele tena kwa ajili ya picha, naye akasita, akamtafuta Verna kwa macho katikati ya watu, kisha akaipiga. Picha ilitoka Jumamosi. Ni nzuri. Lyle aliificha, lakini Verna alikuwa ameshaiona dukani.

Jioni ile ya kengele Verna alikata alama kumi na sita mlangoni, akapigilia msumari na kuung'oa. Kisha akaweka kufuli, kitu ambacho baba yake hakuwahi kukifanya.

Siku ya pili Gwen akaja kwa miguu. Hakuja na jamu wala mkate. Alisimama gatini, mikono mifukoni.

"Yale matundu, Verna. Si wadudu, eti?"

"Si wadudu."

"Niambie basi. Nitalirekebisha jedwali, watu wasinishike uongo bure."

"Weka kwanza jina la baba yangu. Halafu la kwangu. Matundu tutayaongea baadaye."

Gwen akasema fremu ile imefungwa, kwamba ni jambo la kamati sasa, kwamba atazungumza na Royce. Royce akasema tuvuke kiangazi kwanza. Kiangazi kimevuka. Verna ameogelea mpaka kwenye jiwe na kurudi kila asubuhi, peke yake, na kila alipolifikia jiwe alitazama rasini, akauona mkono mrefu ukiyakata maji upande wa pili na wanawake watatu wa timu ya mawe wakiufuata wakicheka, na kila mara alimeza maji.

Sasa ziwa limeganda tena. Jedwali liko pale pale maktabani, na tarehe zake si za kuaminika. Gwen Ashby anadaiwa majina mawili, Eino Kallio na Verna Kallio, kwa herufi zile zile zenye mikia, na sentensi moja ya kusema mbele ya watu kwamba aliyatoa mlangoni. Royce Dunphy anadaiwa kamba. Verna naye anadaiwa simu moja ambayo hakuipiga tarehe kumi na sita asubuhi. Hilo analijua, hakatai. Ataipiga akishalipwa.