Sura za Mwisho

Machi 11, 1987, Kitale. Mvua nyembamba tangu alfajiri. Jirani yangu, karani wa ofisi ya ardhi, alipita tena dukani kwa Premlata, muuza vitu vikuukuu, nami nikiwapo, kutafuta vitabu vilivyoachwa na Wazungu waliorudi kwao. Hununua vya maisha ya mawaziri wakuu wa Uingereza tu. Hufuta jalada kwa kiwiko, hunusa kurasa, kisha huanza kusoma nyuma, kwenye sura inayoeleza jinsi mkubwa alivyoondoka madarakani. Hapo midomo yake hucheza, na kidole hupita polepole chini ya kila mstari.

“Karani, huyo wa leo alipinduliwa?” akauliza Wakhungu, fundi cherehani kutoka Bungoma anayeshonea barazani.

“Hapana, bana. Watu walipiga kura. Asubuhi gari likaja kubeba viti vyake.”

“Ati mkubwa mzima anahamishwa kama mpangaji!”

Tulicheka. Mwanamume mgeni aliyejikinga mvua mlangoni hakucheka. “Na wewe, karani,” akasema kwa upole, “ungependa kuona nani akihamishwa?”

Mwaka huo watu walikuwa wakichukuliwa majumbani kwa sababu ya karatasi za kuipinga serikali walizokutwa nazo. Karani alihangaika kufunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

“Mimi najifunza Kiingereza tu, mzee,” akasema.

Kesho yake asubuhi nilimwona uani kwake, amechuchumaa kando ya jiko. Alikuwa akikata sura za mwisho kwa wembe, kitabu baada ya kitabu, na kuzichoma. Vitabu vyenyewe alivirudisha kabatini, akavipanga kwa urefu.