Sisimizi Walimfuata Mume Wangu

Nakumbuka asubuhi moja pale Sibwesa, miaka ya sabini, muda mfupi baada ya watu kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Kanga zangu zilikuwa zimefungwa furushi mlangoni, na shangazi wa mume wangu alikuwa amefika kunirudisha kwetu Kibaoni. Kosa langu lilikuwa kutozaa.

Mwanangu, usiinamishe uso. Mimi ni kikongwe, haya zangu zilishachakaa, na haya nisipokwambia mimi utaambiwa na muuza dawa wa mnadani.

Mume wangu Silvesta alikuwa mrina asali, kijana wa mabega. Mwanzoni mwa ndoa tulikuwa sawa. Kisha akaanza kushindwa kitandani. Mara nyingine hawezi kabisa, mara nyingine anaweza lakini anamaliza pakavu, hakitoki kitu. Tulijua wawili tu. Mama mkwe alichojua ni kwamba tumbo langu halijai, basi nikanyweshwa mizizi mpaka natapika nyongo.

Silvesta alipomnong'oneza baba yake kuwa nguvu zimepungua, wakafanya wanavyofanya warina asali: bakuli zima la asali kila alfajiri, na jioni wanzuki, ile pombe ya asali. Maskini, walimpenda. Kadiri alivyolamba ndivyo alivyokonda. Mtungi wa maji aliumaliza peke yake, na usiku kazi yake ilikuwa kutoka kukojoa nyuma ya nyumba. Kukicha, pale alipokojoa pamejaa sisimizi. Mama mkwe akasema ni uchawi, na mchawi mwenyewe nani? Mimi tena!

Sasa, kwetu mke wa mtoto hasemi mbele ya baba mkwe. Asubuhi ile ya furushi nilisema.

"Baba, nisamehe. Nyie mnarina asali tangu utoto, sisimizi mnawajua. Nendeni nyuma ya nyumba mkaangalie wanafuata mkojo wa nani, wangu au wa mtoto wenu."

Shangazi akashika mdomo. Baba mkwe aliinuka, akaenda, akachutama pale muda mrefu. Aliporudi alimwambia mkewe, "Fungueni hilo furushi. Kijana ana utamu kwenye mkojo, na sisi tunamwongezea. Kesho anakwenda hospitali, na mkewe ndiye atakayempeleka."

Tulipanda lori la tumbaku hadi Mpanda mjini. Mganga wa hospitali alichemsha mkojo wa Silvesta na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Kisukari. Akatueleza taratibu kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo maana uume hausimami. Mbegu nazo hudhoofika, na wakati mwingine badala ya kutoka hurudi nyuma kwenye kibofu. Silvesta alilia. Mimi, niseme kweli, nilifurahi. Aibu ya kufurahi ilinijia baadaye, njiani.

Asali ikakoma. Ikawa sindano kila asubuhi, na dawa tukaitunza kwenye chungu chenye mchanga wa majimaji ili isiharibike kwa joto. Mwili ulirudi, na nguvu zikarudi kiasi. Mtoto hakuja. Mganga alisema huenda tulichelewa. Mama mkwe aliniomba radhi huku anapepeta mpunga, bila kuniangalia, na mimi nikamwitikia vivyo hivyo.

Basi, mwanangu, ukiona kiu haiishi, mkojo kila saa, mwili unakonda na kitandani mambo yamelala, usinunue dawa za nguvu wala usimtwishe mkeo lawama. Nenda kapime sukari, na uende naye. Ukikutwa nayo, tumia dawa, angalia unachokula, acha sigara. Mambo ya chumbani mwambie daktari bila kuzungusha, maana yakiwahiwa mengi yanasaidika. Na mtoto akichelewa, mpimwe wote wawili.

Mungu akuweke mzima, akupe mtoto wa kukuita baba. Asipokupa huyo, akupe mtu wa kubaki naye, kama nilivyobaki na Silvesta mpaka nikamzika. Nyie wote nawaita wanangu, na hakuna hata mmoja niliyemzaa.