Ukingo Alioubomoa Nahodha

Chuoni kwetu tulisomea shahada huku tukifunzwa uafisa wa jeshi, na jioni kila mmoja alitakiwa awe na klabu. Wengine walikwenda bendi, wengine mdahalo. Mimi nilichagua mbio za ramani na dira: unakimbia porini ukitafuta vituo, anayewahi kuvimaliza ndiye bingwa. Nilizipenda kuliko chakula.

Nahodha wa klabu hakunipenda mimi. Siku alipojua kwamba babu yangu alitoka Burundi, alininyang'anya ramani mbele ya wote.

"Nyie mlifika Tanzania bila ramani," alisema. "Hii ya nini?"

Walicheka, hata rafiki yangu wa kitanda cha juu. Mimi niliyezaliwa Mwamkulu, raia kama wao, nikacheka pia ili nisilie. Moyoni nikasema, huyu atanikoma.

Mungu si Athumani. Mchujo wa timu ya chuo ulipangwa ufanyike Mpanda, na ramani ilipofunguliwa nikaona mashamba ya mpunga ya kwetu Mwamkulu. Wangechukuliwa watatu tu. Nahodha alikuwa mwaka wa mwisho, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na aliitamani mpaka ilimkosesha usingizi.

Kwetu ukibomoa ukingo wa jaruba, maji yakauhama mpunga, huondoki mpaka uujenge. Hata uwe mwenyekiti wa mtaa. Na wakati wa mvua kingo zile ni laini kama uji, ndiyo maana wenyeji tunazunguka kwa njia ya juu. Kabla ya kuanza, mkufunzi aliniuliza, kwa kuwa mimi ni mwenyeji, kama nina la kuwaambia wenzangu.

"Hakuna, afande," nilisema.

Nahodha alifuata dira, akanyoosha moja kwa moja kama tulivyofundishwa. Nilipofika njia ya juu nilimkuta chini kule, tope magotini, maji yakimwagika nyuma yake. Kina mama waliokuwa wakipalilia walikuwa wamemzunguka na majembe. Mwenye shamba alikuwa mama yangu mdogo.

"Dada, waambie nina haraka," nahodha aliniita. "Waambie nitarudi."

Hakuwahi kuniita dada. Mama mdogo akaniuliza kwa Kirundi kama ninamjua. Nikajibu kwa Kirundi kwamba simjui, na kwamba aliyebomoa kwa mguu ajenge kwa mkono. Kisha nikakimbia, na sijawahi kukimbia kwa raha namna ile.

Nilishika nafasi ya pili. Yeye alifika wenzake wameshaoga, na jina lake halikusomwa. Nililala usingizi mtamu sana.

Kesho yake mama mdogo alikuja Nsemulwa, kambini tulikolala wakimbiaji, na beseni la mahindi ya kuchemsha. Nikainuka kumpokea, akanipita, akaenda mpaka kwa nahodha.

"Ukingo umeujenga vizuri, mwanangu," alimwambia. "Mvua ya usiku haikuutikisa. Kula."

Nahodha aliinamisha kichwa, akapokea kwa mikono miwili. Ndipo mama mdogo akanigeukia.

"Mnavaa nguo moja," alisema. "Mbona ulisema humjui?"

"Namjua vizuri sana, mama mdogo," nilimjibu. "Ndiyo maana nilikuachia huyu."

Alinitazama, akafunika beseni, na mimi hakunikaribisha.