Nyumba Inatazama Wapi?

Kazi ya Bi Wima ilikuwa kusimama. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa uuguzi, maana kila darasa alisimama mbele yao, uso mbele, mikono imening'inia na viganja vimefunuka kama mtu anayeapa kwamba hakuiba. Mwalimu alimgusagusa kwa rula.

"Goti liko juu ya kifundo. Kiwiko kiko karibu na kiwiliwili kuliko kiganja. Na kulia ni kulia kwake yeye, si kwenu mnaomtazama. Hata mkimning'iniza miguu juu, kwa hesabu zetu amesimama."

Wanafunzi waliandika. Bi Wima hakujua kuandika, ila alishika.

Mumewe, fundi viatu, naye alishika lake: alioa mke wa pili na kumleta nyumba ileile. Shangazi wa mume akaitwa kugawa.

"Korido ni ya wote," alisema shangazi. "Mke mkubwa achukue vyumba vya kulia, fundi na bibi yake kushoto."

Bi Wima akaridhika, maana kulia ndiko kulikokuwa na bomba la maji, na mtaro wa bomba hilo aliuchimba yeye huku mume akiugua kiuno. Asubuhi yake akakuta viatu vibovu vimerundikwa bombani.

"Huku kushoto," alisema fundi, amesimama barabarani akiielekea nyumba.

"Kulia ni kulia kwa nyumba, si kwako wewe unayeikodolea macho!"

Shangazi akarudishwa. Alisikiliza habari ya mwili mpaka mwisho, wala hakucheka.

"Haya, nyumba ni mwili, na korido ndiyo mstari wake wa kati. Uso uko wapi?"

"Barabarani, shangazi."

Fundi akadakia. "Uso una mdomo! Unga unaingilia wapi humu? Kuni je? Mlango wa uani. Nyumba hii inatazama uani, barabara imeipa mgongo."

Shangazi alizunguka uani, akauinamia ule mlango kama anayetafuta meno, akakubali. Nyumba ikageuka palepale bila tofali kusogea, na bomba likawa kushoto.

Kesho yake, fundi na bibi yake walipotoka kwa mlango wa barabarani, wamepiga pasi mpaka kola, Bi Wima alikuwa ng'ambo ya barabara na majirani.

"Jamani, nyumba yangu imepata choo," alisema kwa sauti. "Tena vipande viwili!"

Muuza mkaa alicheka mpaka akakaa chini. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unamsalimu fundi, "Umetoka salama? Haikukaza?" Siku iliyofuata wakapitia uani.

"Masikini, leo imetapika," alisema muuza mkaa.

Wateja nao wakakoma. Hakuna aliyetaka kuonekana akiingia na kiatu kwa mlango wa barabarani, kama dawa ya kufungulia tumbo. Fundi akamwita shangazi mara ya tatu.

"Igeuze, shangazi."

"Nigeuze nyumba nzima kwa mdomo wa mke wako?"

"Igeuze tu."

"Ukitokea barabarani bado utakuwa matapiko, mwanangu."

Fundi alifikiri, uso umemshuka.

"Afadhali matapiko."

Basi nyumba ikatazama barabara tena, na fundi akahamisha viatu vyake vyote kwa kukumbatia, akivuka korido bila kumtazama mtu.

Jioni mke mdogo alikuja na ndoo mbili. "Hodi, bi mkubwa. Naomba maji, yangu na ya baba."

Bi Wima alimjazia moja. "Yako hiyo. Ya yule, aje mwenyewe aombe."

Fundi hakuja siku hiyo. Alikuja kesho yake, mchana, hajanawa uso.