Pazia la Magunia na Mkono wa Mgeni

Serikali yetu changa ilinipeleka Ulaya kusomea kilimo, na kule, kwa sababu ambazo mpaka leo sijazielewa, niliwekwa kwenye darasa la nyumba za kioo. Wenzangu wawili tuliopanda nao ndege walisomea ng'ombe wa maziwa na pamba. Mimi nilisomea namna ya kuzuia joto lisitoroke. Nchi ile ilikuwa na baridi ya kuumiza meno, na mboga zililimwa ndani ya majumba ya kioo makubwa kuliko kanisa. Jioni ilipofika, mapazia mazito yalitandazwa yenyewe chini ya paa ili joto la mchana libaki ndani na mimea. Yalivutwa na mota ya umeme iliyounganishwa na giaboksi, yaani kasha la chuma lenye gia ndani, ambalo huchukua mbio za mota na kuzigeuza kuwa mwendo wa kinyonga wenye nguvu za tembo. Nilijifunza kulifungua na kulifunga, nikapata alama nzuri. Siku ya kuagana, msimamizi wa karakana alinizawadia giaboksi moja kuukuu, nami nikaacha koti na viatu vyangu vizuri ili liingie sandukuni.

Niliporudi nikapangiwa Singida.

Nilikuwa sasa mtaalamu pekee wa kuhifadhi joto katika mkoa ambao mtu akitoka nje saa sita hutafuta kwanza kivuli, kisha jambo lililomtoa. Kijiji changu kilikuwa cha ujamaa, ndani kidogo ukitoka Mkiwa, chenye nyumba za tembe zilizopangwa kwa mstari, mashine moja ya kusaga, na shamba la pamoja. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu asiyecheka ovyo, alinipokea mbele ya watu, akatazama chuma kile nilichokiweka juu ya meza kama yai.

"Hiki nini, Bwana Shamba?"

"Giaboksi, Mwenyekiti."

"Linalima?"

"Hapana. Linavuta pazia."

"Sisi hapa," akasema kwa upole, "hatuna madirisha."

Mtu mwenye akili angekificha chuma kile chini ya kitanda na kuanza kufundisha watu kupanda mtama kwa mistari. Mimi nilisubiri Juni. Wanaoijua Singida wanajua upepo wa Juni na Julai, unaofagia uwanda tangu alfajiri na kuwafanya hata mbuzi wasimame wamebanana. Kijiji kilitaka kuuza nyanya mjini, na miche yao ilikuwa inadumaa kila kipupwe. Nikaitisha mkutano, nikahutubia kuhusu joto kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilitumia maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyasikia kwa Kiswahili kwa sababu nilikuwa nayatunga palepale. Walikubali. Nadhani walikubali ili nikae chini.

Tulijenga nyumba ya miche kwa miti, tukaiezeka kwa nailoni iliyoletwa na lori, na chini ya nailoni nikaweka pazia langu. Lilikuwa la magunia. Akina mama wa kijiji waliyashona kwa kamba ya katani, mshono juu ya mshono, kwa sababu niliwaambia pazia lisipokuwa imara nitaona haya mbele ya walimu wangu wa Ulaya. Upande mmoja lilifungwa kwenye nguzo za ukutani. Upande wa pili lilivutwa kwa kamba zilizojiviringisha kwenye bomba, na bomba likazungushwa na giaboksi.

Ilibaki mota. Umeme haukuwepo, lakini mashine ya kusaga ilikuwa karibu, na aliyeiendesha alikuwa rika langu, mtu aliyependa injini kiasi cha kuisalimia asubuhi kabla ya mkewe. Nilipomweleza ninachotaka, macho yake yaling'aa.

"Mtaalamu," akasema, "tuunge mkanda kutoka kwenye injini yangu. Ukinyooka, pazia linafunga. Tukiupinda kama namba nane, linafungua."

"Na injini haitalemewa?"

"Hii? Hii ingeweza kuvuta Mkiwa ikaileta hapa."

Nilifurahi sana kumpata mtu kama yule. Ulaya nilikuwa na walimu wa kunizuia. Hapa nilikuwa na mtu wa kunisukuma.

Kukawa na tatizo dogo. Kwenye mitambo ya kule kulikuwa na swichi iliyozima mota pazia lilipofika mwisho. Zawadi yangu haikuja na swichi ile, kwa hiyo swichi nikawa mimi. Kelele za injini hazikuruhusu mimi na fundi wangu wa mashine kusikilizana, tukakubaliana ishara: nikiinua mkono wa kulia, azime, nikiinua wa kushoto, aendelee. Nilimsisitizia asitazame kitu kingine chochote ila mikono yangu. Tulijaribu asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa na mambo yakaenda vizuri. Ilikuwa kweli kwamba watu wawili watatu wangeweza kulivuta pazia lile kwa kamba kwa muda mfupi zaidi, bila dizeli, na bila akina mama kusubirishwa na ndoo zao za mtama vichwani. Mmoja wao aliliuliza hilo waziwazi. Nilimjibu kwamba maendeleo yana hatua zake.

Joto lenyewe lilikaa. Hilo nalisema bila mzaha. Ukiingia asubuhi kabla pazia halijafunguliwa ulikuta vuguvugu zuri, harufu ya udongo na samadi, na miche imesimama. Ulimkuta pia mama yake Mwenyekiti, bibi mwenye magoti mabovu, ameketi kwenye kigoda katikati ya matuta. Alikuwa amegundua nyumba ile siku ya pili tu. Nilipomweleza kwamba ni nyumba ya miche, akanijibu kwamba miche haijalalamika.

Habari zetu zikafika mkoani, na mgeni akaja kutazama. Alikuwa mtu mkubwa serikalini, mnene, mwenye sauti ya ukarimu. Kijiji kizima kilijipanga. Ngoma zikapigwa, Mwenyekiti akasoma risala, kisha nikaambiwa nioneshe mtambo. Nilikuwa nimevaa tai. Nikainua mkono wa kushoto, injini ikanguruma, pazia likaanza kutambaa juu ya miche, polepole, kwa heshima zote. Watu wakapiga vigelegele. Mgeni akafurahi, akanijia na mkono wake mbele.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikampa mkono wa kulia.

"Marahaba, kijana. Hongera! Kwenu wapi?"

"Mwankoko, mzee."

"Mwankoko! Mwankoko kwa nani?"

Alikuwa bado ameushika mkono wangu. Watu wazima wa kwetu husalimiana hivyo, mkono haurudishwi mpaka habari ziishe, na kijana hauvuti mkono wake kutoka kwa mkubwa kama anayeuchomoa kwenye moto. Nikamtaja baba yangu. Akafikiri. Nyuma yake pazia lilikuwa limefika robo tatu.

"Ndugu yake yule mwenye madume ya pembe zilizopinda?"

"Huyo ni baba mkubwa, mzee."

"Ala! Kumbe wewe mtoto wetu!" Na hapo akaongeza mkono wake wa pili juu ya ule wa kwanza. Mkono wangu ukawa umefunikwa kabisa.

Pazia lilifika mwisho. Likanyooka kama ngozi ya ngoma. Kama magunia yangechanika, nyumba ingepona, lakini akina mama walikuwa wameshona kama nilivyowaagiza. Bomba likaendelea kuzunguka, na nguzo za ukuta wa mbali zikaanza kuinama ndani, taratibu, kama wazee wanaotaka kusikia vizuri.

"Na babu yako yu hai?"

"Alifariki, mzee. Mzee, samahani, ule mtambo..."

"Pole sana. Alikuwa mtu wa maana. Alinipa maziwa nilipokuwa mdogo."

Nikafanya lililowezekana: nikainua mkono wa kushoto, nikaupunga kwa nguvu. Fundi wangu, aliyekuwa amekaza macho kwenye mikono yangu kama nilivyomwamuru, aliona mkono wa kushoto unapungwa kwa nguvu. Akaongeza mafuta.

Nimeona ajali kadhaa maishani, lakini sijaona nyingine iliyompa kila mtu nafasi ya kujiandaa. Nguzo ziliinama, nailoni ikalegea, paa likaanza kushuka. Bibi alitoka na kigoda chake. Akakumbuka mkongojo, akarudi ndani, akauchukua, akatoka tena, akaketi mahali penye mwonekano mzuri. Ngoma zilinyamaza. Nyumba ikajilaza juu ya miche bila hata kishindo, ikatulia, imekunjika vizuri kama shuka. Mkanda ukakatika wenyewe, fundi akazima injini. Mgeni akageuka kwa ule ukimya, bado amenishika.

Akaitazama nyumba. Akanitazama mimi. Nilikuwa natafuta neno la Kiswahili la kile kilichotokea.

"Hee," akasema. "Kumbe inajikunja?"

Mwenyekiti hakupepesa jicho. "Ndiyo, mzee. Inajikunja."

Mgeni aliuachia mkono wangu ili apige makofi. Kijiji kizima kikapiga naye. "Sasa ikunjueni nione," akasema.

"Kukunjua ni kesho, mzee," Mwenyekiti akajibu. "Sasa hivi mtambo unapoa. Karibu chakula, kuku tayari."

Alikula, akashukuru, akaondoka, na alipokuwa anapanda gari akaahidi kuleta watu wa Nduguti waje wajifunze nyumba inayojikunja. Vumbi lilipotulia Mwenyekiti aliniita kando. Nilitegemea matusi.

"Bwana Shamba," akasema, "mimi sijawahi kusema uongo mbele ya serikali. Leo nimesema kwa ajili yako. Sasa nenda ukaufanye uwe kweli."

Ikawa hivyo. Fundi na mimi tulitumia kipupwe kilichobaki kujenga nyumba ambayo haifundishwi Ulaya wala mahali pengine. Tuliunganisha miti kwa vipande vya tairi la gari badala ya misumari, ili kila kiungo kipinde. Tulilifunga giaboksi, likang'oa viungo. Tukalifunga upya, likang'oa vingine. Mwishowe tuliliweka pembeni, tukavuta kwa mikono, na nyumba ikakunjika na kukunjuka bila ubishi. Giaboksi alilichukua fundi, akalitumia kukandamizia mlango wa mashine usipigwe na upepo. Alisema hajawahi kuwa na kizuizi kizuri kama kile. Watu wa Nduguti hawakuja.

Kilichokuja, baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, ni amri kwamba vijiji vya ndani vihamie kando ya barabara. Watu walikuwa wameshahama mara moja kuja pale, na walidhani zamu yao imekwisha. Sina maneno mengi kuhusu siku zile. Watu walibomoa tembe walizozikandika wenyewe, wakatoa miti ya paa, wakaipakia kwenye tela la trekta pamoja na vibuyu, kuku na vinu. Udongo ulibaki. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeisoma amri mbele ya mkutano, alibomoa nyumba ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemsogelea kumsaidia, kwa kuwa hatukujua kama angependa. Bibi alikaa kwenye kigoda akatazama mpaka boriti ya mwisho.

Jengo pekee lililohama bila kuvunjwa lilikuwa langu. Tuliikunja nyumba ya miche, tukaifunga kamba, tukaitupia juu ya tela. Tulipofika mahali papya, uwanja mtupu wenye vigingi na upepo, hapakuwa na kitu kingine kilichoweza kusimama siku ileile. Tukaikunjua. Kabla sijaamua matuta yatakaa wapi, bibi alikuwa ndani na kigoda chake, na nyuma yake waliingia wajukuu, na mama mmoja aliyetoka kujifungua, na mwingine, mpaka pakajaa. Wanaume waliwasha moto nje. Jioni tulivuta pazia la magunia juu yao kwa kamba.

Nilichutama karibu na bibi. Upepo ulikuwa unapiga nailoni, lakini ndani palikuwa na vuguvugu.

"Mwanangu," akasema, "nyumba yako hii ina joto."

Nilikuwa nimesubiri mtu aniambie hivyo tangu nishuke kwenye ndege. Nikamweleza jinsi ardhi inavyolipa usiku joto ililolikopa mchana, na jinsi pazia linavyolirudisha chini, na nilipofika kwenye sehemu muhimu, ile ya hewa iliyotulia kati ya nailoni na magunia, nikasikia anakoroma.

Waliishi humo hadi tembe mpya zilipoinuka, na mtoto yule mchanga alinenepa. Mwenyekiti alimjengea mama yake kwanza, kisha watu wengine, kisha yeye mwenyewe. Miche ya nyanya ya mwaka ule haikupandwa kabisa, kwa kuwa mahali pake palikuwa na watu. Tulipanda vitunguu nje, kwenye upepo, bila utaalamu wowote, vikastawi vizuri sana.

Mwaka uliofuata wakubwa waliona nimepata uzoefu wa kutosha, wakanihamishia chuoni kufundisha. Nilifungasha madaftari yangu yote ya Ulaya, ya vipimo vya joto na ya mapazia. Nilipofika, mkuu wa chuo akanionesha darasa langu, akanikabidhi chaki, akaniambia nimepewa somo la ufugaji wa kuku.