Changu Aliyechunwa Ngozi

Mniwie radhi kwa ukimya wangu. Leo samaki amenilazimisha kuandika.

Asubuhi, hapa Rasbura, mchuuzi alituletea vipande vyeupe, visivyo na ngozi wala kichwa.

"Samaki gani huyu?"

"Changu, Mwalimu."

Changu huparwa magamba! Miongoni mwa wanaochunwa ngozi ni bunju, wenye miiba na wasio na miiba, na sumu yao huua.

"Basi ngoja tukaange, tule sote."

"Nimefunga, Mwalimu. Sunna."

"Sunna ya Jumanne? Na kashata hiyo mdomoni?"

Akarukia baiskeli, akaviacha vipande.

Jirani yetu, Bi Somoe, alikwisha kubandika vyake, vya mchuuzi huyohuyo. Nimeiepua sufuria mwenyewe.

"Mwalimu, wanangu watakula sarufi yako ya darasani?" akalalamika.

Vipande vyote nimempelekea afisa uvuvi, anavikagua. Akishaamua, nitawaandikia.

Nani mwingine amenunua "changu" huyo? Jibuni kabla ya kupika.