Barua Moja kwa Watu Wanne

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto wa watu jinsi ya kupata kazi, na mimi mwenyewe nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, unaorefushwa kwa huruma. Ofisi ilikuwa katika chuo kimoja pale Mbale, mashariki mwa Uganda, chumba ambacho zamani kilitunza viti vya mahafali. Mlangoni paliandikwa Ushauri wa Ajira. Wanafunzi wa shahada ya biashara walinijia mwaka wa mwisho, wamekunja nyuso kama watu waliofika zahanati, nami niliwapa wote dawa ileile.

Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Andika kwenye CV kwamba unapenda kusoma riwaya, kusafiri na kutazama mpira. Ukiulizwa udhaifu wako, sema unapenda kazi kupita kiasi. Ukiulizwa unajiona wapi baada ya miaka mitano, usitaje Dubai hata kama pasipoti iko mfukoni. Vaa tai. Mwisho weka wadhamini watatu: imamu au mchungaji wako, mhadhiri anayekukumbuka, na mimi. Wengi waliniweka mimi wa kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa najibu barua pepe.

Barua ya udhamini nilikuwa nayo moja tu kwenye kompyuta. Ilisema kwamba huyu ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nilibadilisha jina na namba ya usajili, nikapiga muhuri, nikamwita anayefuata. Wala sikuona aibu. Wanafunzi walikuwa wengi na mimi nilikuwa mmoja.

Mmoja tu ndiye aliyenipa taabu, binti wa mtaa wa Namatala. Chini ya uzoefu wa kazi alikuwa ameandika kwamba tangu akiwa sekondari alikuwa akichagua vibarua wanawake kwenye kinu cha mpunga karibu na kwao. Asubuhi wanakuja arobaini, kazi ni ya kumi na wawili, mwenye kinu hataki kelele, basi yeye ndiye anayechagua. Nikamwambia hiyo si kazi ya kuandika kwenye CV, hiyo ni shughuli ya mtaani. Akaniuliza, kwani kazi ni nini. Tukabishana mpaka wenzake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka, naye akazidi kunieleza habari za kinu kana kwamba nimemwomba. Mwishowe nikaifuta mistari ile mwenyewe, na mahali pake nikaandika: ustadi wa mawasiliano. Alichukua barua yake ya udhamini akatoka bila kuaga. Kwetu Malukhu mtoto asiyeaga mkubwa ana majina yake, nami niliyataja yote kimoyomoyo.

Muhula uleule mkuu wa kitivo aliniita. Kwa upole mwingi, akanikaribisha chai, akanieleza kwamba mkataba wangu hautarefushwa tena, maana chuo kimenunua programu ya kompyuta itakayowashauri wanafunzi. Nilitaka kuuliza kama hiyo programu nayo itavaa tai. Nikanywa chai.

Nyumbani sikusema neno. Sisi ni wajukuu wa askari wa Kisudani, watu waliofika nchi hii na bunduki za wakoloni mabegani, na katika ukoo wetu wa kwanza kukaa ofisini bila sare ni mimi. Mama yangu alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa msikitini. Kumwambia kwamba mshauri wa ajira hana ajira kulinishinda. Nilijiapiza kwamba nitampelekea habari ya kazi mpya kabla hajaisikia ya kazi iliyokufa.

Basi lilipotoka tangazo la kiwanda cha samaki kule Jinja, upande wa Masese, kwamba wanatafuta afisa msaidizi wa utumishi mwenye shahada ya biashara, niliomba. Wakaniita kwenye usaili. Mganga hajigangi, lakini mimi nilijiganga: nikaandika riwaya, safari na mpira. Na kwa kuwa chuoni nisingeweza kusema ninakwenda kutafuta kazi, nikabandika karatasi mlangoni: Ofisi imefungwa kwa msiba. Nikamuua shangazi. Shangazi yangu yu hai mpaka leo na anakula vizuri.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia Jinja. Nilipofungua mlango wa chumba cha kungojea, niliwakuta wanafunzi wangu wanne wamekaa kwenye benchi, vijana watatu wenye tai na binti wa Namatala. Wote wakasimama kwa heshima.

"Pole na msiba, mwalimu," akasema yule binti.

Nikasema ahsante, nikakaa mwisho wa benchi. Sakafu ilikuwa na maji, na harufu ya samaki ilikuwa imeshaingia kwenye koti langu la harusi. Hakuna aliyeniuliza marehemu kazikwa wapi, na kwa hilo nawashukuru hadi leo.

Chumba cha usaili kilitengwa na chetu kwa ubao mwembamba. Aliingia kijana wa kwanza, tukamsikia akisema kwamba udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi. Akaingia wa pili, naye anapenda kazi kupita kiasi. Wa tatu alipofika hapo, mtu mmoja mle ndani alicheka waziwazi. Mimi niliyatazama maji sakafuni. Binti aliingia wa nne, akazungumza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akatoka mapema kuliko wote. Kisha nikaitwa mimi.

Walikuwa watatu mezani. Aliyeongoza alikuwa mkuu wa utumishi, mzee mwenye mvi aliyewahi kuwa jeshini. Ungemjua kwa jinsi alivyokaa. Tulianza kwa Kiingereza, na mambo yalikwenda vizuri kwa dakika kama tano hivi. Kisha akafungua faili, akatoa barua nne zenye muhuri wangu, akazipanga mezani moja moja. Hapo akahamia Kiswahili, kile cha kambini nilichokulia.

"Bwana, hii barua nne naandika wewe?"

"Ndiyo, afande," nikasema. Neno lilinitoka lenyewe.

"Kila moja nasema hii mtu ndiyo namba moja. Sasa Mbale iko na namba moja ngapi?"

Wenzake wakakohoa. Nikaanza kueleza kwamba barua za udhamini zina desturi yake. Hakukasirika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akazisukuma barua upande wangu.

"Sisi natafuta mtu ya kuchagua watu," akasema. "Wanawake ya kukata samaki, kila asubuhi nakuja mingi kwa geti. Wewe najua hawa watoto. Weka wewe pembeni kwanza. Ambia mimi, nani?"

Jibu la kujiokoa nilikuwa nalo tayari, maana nilikuwa nalifundisha: wote wana sifa, ila uzoefu wangu mimi ni mkubwa zaidi. Nikazitazama zile barua ili nilitamke vizuri. Majina matatu ya kwanza hayakuniambia kitu. Wale vijana walikuwa wamekaa mbele yangu ofisini, nimesahihisha karatasi zao, na sikujua hata mmoja wao ametoka kijiji gani, wala anaweza kufanya nini kwa mikono yake. Nilikuwa nimewafuta mpaka wakafanana. Mtu niliyemjua alikuwa mmoja tu, na nilimjua kwa sababu alinigombeza.

Basi nikasema. Nikawaeleza habari za kinu cha Namatala. Kwamba mwanamke anayeumwa kifua hawekwi kwenye kupepeta, anapewa kushona magunia. Kwamba aliyekosa kazi jana anatangulia leo, hata kama hajui kupiga kelele. Kwamba mwenye mdomo anapangwa karibu na anayechagua, ili maneno yake yasifike mbali. Binti alinimwagia yote hayo siku ile ya ugomvi, na kumbe nilikuwa nasikiliza.

"Mbona hii haiko kwa CV yake?" mzee akauliza.

"Niliifuta mimi."

Akaivuta barua ya binti upande wake. Kisha akaniuliza mimi nachagua watu namna gani. Nikafungua mdomo, na kilichokuja ulimini ni ustadi wa mawasiliano. Nikakimeza. Nikasema kwamba sijawahi kumchagua mtu hata mmoja, wote huwa nawapigia muhuri. Akaniambia ahsante, bila ubaya wowote, nikatoka.

Wale wanne wakasimama tena. Mmoja wa vijana akataka kujua nimeulizwa nini, lakini kabla sijajibu mzee alichungulia mlangoni akamwita binti arudi ndani. Binti akatazama kushoto na kulia. Benchi lilikuwa limejaa faili za wenzake, sakafu imelowa. Akanipa mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

"Nishikie, mwalimu."

Nikaupokea. Sitaki kujifanya mtu mwema: nilikuwa na hasira hadi masikio yaliwaka, na kwa dakika moja nilimwombea ajikwae. Mle ndani mzee akauliza swali ambalo sikulisikia. Kisha nikamsikia binti, kwa sauti kubwa ileile aliyonipigia ofisini, anaanza kueleza wanawake arobaini wanafika saa ngapi na yeye husimama wapi, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Nikauweka mkoba mapajani usilowe, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama yangu.